Ununuzi na uuzaji wa nyumba Machakos

Katika kaunti ya Machakos, Kenya, anayenunua nyumba hununua ardhi kwanza. Isipokuwa fleti, nyumba haina rejista yake. Hufuata kiwanja ilichojengwa, na dosari iliyomo katika historia ya kiwanja humwangukia mwenye nyumba hata kama aliijenga kwa jasho lake na kulipa kila senti. Mambo haya huongozwa na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Usajili wa Ardhi, zote za 2012, pamoja na sheria za udhibiti wa ardhi ya kilimo, za urithi, za ndoa na za mikataba. Swali linalowasumbua wanunuzi kuliko yote ni kama hatimiliki wanayoonyeshwa inatosha. Haitoshi, na wenyeji wa Mavoko na Syokimau wamelijua hilo kwa gharama kubwa.

Ardhi ilikotoka

Sehemu kubwa ya tambarare za Athi ilikuwa mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa 1963, wananchi walichanga fedha katika vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, wakayanunua mashamba hayo kwa pamoja. Lukenya na Katelembo Athiani Muputi ni kati ya vyama vilivyojulikana zaidi. Mwanachama alipewa sheya, na shamba lilipokatwa vipande, sheya ikazaa ploti, mara nyingi kwa kupigiwa kura.

Cheti cha sheya si hatimiliki. Kinaonyesha kwamba mtu ana haki ya kudai sehemu ndani ya chama, lakini hakisemi sehemu hiyo iko wapi mpaka mpima ardhi aweke bikoni, ramani iidhinishwe na Msajili wa Ardhi afungue rejista. Kungoja huko kunaweza kuchukua miaka mingi, na ndiko wadanganyifu wanakopatia riziki: ploti moja huuzwa kwa watu wawili, au sheya ya marehemu huuzwa na mtoto mmoja bila ndugu zake kujua. Anayenunua ardhi ya aina hii aende mwenyewe katika ofisi ya chama, aombe kuonyeshwa daftari la wanachama, na asitoe fedha mpaka uhamisho wa sheya uandikwe humo. Karatasi iliyoletwa na broka hotelini isimtosheleze.

Hasara imeonekana kwa macho. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwenye ardhi iliyodaiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Machakos iliamua kwamba ardhi ya ekari 4,298 hivi huko Mavoko ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement, si ya kikundi cha Aimi ma Lukenya kilichokuwa kikiidai. Siku chache baadaye matingatinga yaliingia. Waliovunjiwa hawakuwa wavamizi wa usiku mmoja tu. Walikuwamo watu waliouziwa ploti, wakajenga nyumba za mawe na kuhamia humo na watoto wao. Waliowauzia hawakuwa na kitu cha kuuza.

Hatimiliki inalinda kiasi gani

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamtambua aliyeandikwa kwenye hatimiliki kuwa ndiye mwenye ardhi, ila kinaruhusu hati hiyo kupingwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ulaghai au udanganyifu ambao mwenye hati mwenyewe alishiriki. Ya pili ni kwamba hati ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njama za rushwa; na hapa hata mnunuzi asiye na hatia anaweza kupoteza.

Mahakama ya Juu ilizungumza waziwazi tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja cha ufuoni Nyali kilikuwa kimegawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, kikapita kwa kampuni nyingine, kisha Dina ikakinunua. Mahakama iliona kwamba ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa limetengwa kwa matumizi ya umma. Kwa sababu hiyo hati zote zilizozaliwa na ugawaji huo hazikuwa na kinga, na kununua kwa nia njema hakukuiokoa Dina. Kwa mnunuzi wa Athi River, Mlolongo au Syokimau, palipo na ardhi za mashirika ya serikali, akiba za barabara na za reli, uamuzi huo unamtaka afuate hati nyuma hadi kwa mgawiwa wa kwanza.

Kufanya sachi katika ofisi ya usajili ni lazima, ila matokeo yake yana mipaka. Humwonyesha mnunuzi aliyeandikwa siku ile, rehani ya benki na zuio lolote lililowekwa. Hayamwambii ardhi ilifikaje hapo. Kwa hilo ataomba historia ya rejista, ile iitwayo kadi ya kijani, aipate ramani ya eneo, na amlipe mpima ardhi aliyesajiliwa kuthibitisha bikoni uwanjani, maana kuna waliojenga kwenye ploti ya jirani huku wana hati halali ya ploti ya pili yake. Sachi irudiwe siku chache kabla ya malipo ya mwisho. Majirani nao waulizwe. Mara nyingi mzee wa mtaa anaujua ugomvi ambao rejista haijauandika.

Ardhi ya familia

Kuelekea Mwala, Kangundo, Kathiani na Yatta, hatari hubadilika sura. Huko muuzaji ni mtu anayefahamika na shamba lilikuwa la babu yake. Shida ni kwamba pengine bado liko kwa jina la babu. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, uthibitisho ambao kwa kawaida huombwa miezi 6 baada ya hati hiyo kutolewa. Kujitwalia mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa la jinai. Makubaliano mbele ya chifu, hata yakisainiwa na ukoo mzima, hayawezi kuhamisha ardhi ya mtu aliyekufa.

Hata jina la muuzaji likiwa ndilo lililoandikwa, ardhi ya ukoo ambayo Wakamba huiita ng'undu yaweza kuwa na wenye haki wasioonekana katika hati. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia iliyotoka Meru, ilithibitisha kwamba aliyesajiliwa anaweza kuwa mdhamini tu wa jamaa zake kwa mujibu wa mila, na haki hiyo humfunga hata anayeinunua ardhi.

Mke au mume naye lazima akubali. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinazuia mali ya wanandoa wa ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila idhini ya wote wawili, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja. Mnunuzi anayeambiwa kwamba mke "yuko mjini, atasaini baadaye" aahirishe malipo mpaka arudi.

Shamba la kilimo likiuzwa, Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo hutakiwa kutoa idhini, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi huuhesabu mkataba kuwa batili, na mnunuzi hubaki na haki ya kurudishiwa fedha zake. Mahakama ya Rufani ilipunguza ukali huo katika kesi ya Kitilit mwaka 2018, ikiwalinda walioingia shambani na kuliendeleza kwa ridhaa ya muuzaji, lakini huo ni ulinzi wa kupiganiwa mahakamani, na haufai kutegemewa wakati wa kununua. Kikao cha bodi kina faida nyingine: kwa desturi, mwenzi na watoto wazima huitwa kusema kama wanakubali, na ugomvi mwingi hufichuka hapo.

Mkataba, fedha na kodi

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Desturi inayofuata masharti ya Chama cha Wanasheria ni amana ya asilimia 10 na kukamilisha ndani ya siku 90. Amana iwekwe kwa wakili kwa masharti yaliyoandikwa, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Kila upande uwe na wakili wake. Wakili mmoja wa wote wawili hupunguza gharama leo na kumwacha mnyonge bila mtetezi mambo yakiharibika. Umiliki hauhami kwa kulipa wala kwa kupewa funguo, bali kwa kusajiliwa.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani katika manispaa na asilimia 2 nje yake, thamani ikikadiriwa na mthamini wa serikali. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, iliyorudishwa 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi 15 kuanzia Januari 2023. Aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza husamehewa.

Fleti huwa na hati zake chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, iliyomwezesha kila mwenye fleti kusajiliwa. Asiye raia wa Kenya haruhusiwi kumiliki ardhi kwa zaidi ya upangaji wa miaka 99. Mkenya aliyeko ng'ambo akimpa ndugu mamlaka ya kumnunulia, hati ya uwakala isajiliwe, na akiisha kununua aweke mtu wa kuitazama ploti: anayekaa kwenye ardhi binafsi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa wala kusumbuliwa, kwa miaka 12 anaweza kuomba mahakama imtambue kuwa mwenyewe. Ardhi ya umma haipatikani kwa njia hiyo. Aliyetapeliwa ana miaka 6 kudai kwa msingi wa mkataba, na 12 kudai ardhi yenyewe. Palipo na ulaghai, muda huanza kuhesabiwa tangu alipougundua, au tangu siku ambayo angeweza kuugundua kama angekuwa na bidii ya kawaida.