Yusuf Islam: Mwimbaji Aliyeliweka Gitaa Chini Zaidi ya Miaka 20



Kila msimu wa harusi ukikaribia, mjadala unakuwa uleule. Bibi harusi anataka taarabu ya usiku mmoja tu, mama mkwe anataka kasida na maulidi, somo anauliza ngoma ya ndani itakuwepo au haitakuwepo, na bwana harusi naye keshasema hataki kusikia kinanda. Leo sitoi fatwa. Hiyo ni kazi ya masheikh wetu, Allah awahifadhi. Nataka kusimulia historia ya mtu ambaye swali la muziki lilimfika kuliko linavyotufika sisi, kwa sababu kwake muziki haukuwa wa usiku mmoja. Ulikuwa riziki yake, jina lake na maisha yake yote.

Alizaliwa London tarehe 21 Julai 1948, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Baba yake alikuwa Mgiriki wa Cyprus na mama yake Mswidi. Wazazi walikuwa na mkahawa katikati ya jiji, karibu na kumbi za maonyesho, na familia ikiishi ghorofa ya juu yake. Kijana alikua akisikia muziki kila upande. Baba alikuwa wa kanisa la Kiorthodoksi, lakini mtoto alisomeshwa skuli ya Wakatoliki. Kwa hivyo habari za Mungu hazikuwa ngeni kwake. Alichokosa ni kutulia nazo moyoni.

Alipoanza kuimba alijiita Cat Stevens. Mwaka 1967, akiwa na miaka 18, wimbo wake Matthew and Son ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza. Picha zake zikajaa magazetini, safari zikawa haziishi, na ulevi na usiku mrefu vikaja pamoja na umaarufu. Kisha mwili ukakataa. Mwaka 1969 aliugua kifua kikuu, akalazwa hospitali kwa miezi, na ikamchukua muda mrefu kupona.

Dada zangu, ugonjwa una namna yake ya kumkalisha mtu chini. Kitandani pale alianza kusoma vitabu vya dini mbalimbali, kutafakari kifo, na kuandika mashairi mapya. Aliporudi hakuwa tena kijana wa nyimbo za kuchezea. Mwaka 1970 alitoa albamu mbili, Mona Bone Jakon na Tea for the Tillerman, na mwaka 1971 akatoa Teaser and the Firecat. Humo zimo nyimbo zilizomjulisha duniani kote: Wild World, Father and Son na Peace Train. Ulikuwa muziki wa roki ya taratibu, gitaa na sauti, na maneno ya mtu anayeuliza njia. Mwaka 1972 albamu yake Catch Bull at Four ilishika namba moja Marekani.

Fedha alikuwa nazo na watu walimpenda, lakini jibu alikuwa hajalipata.

Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda kuogelea baharini Malibu, California. Sisi wa visiwani tunaujua mkondo: ukishakuvuta, nguvu za mikono hazisaidii kitu. Amesimulia mara nyingi kwamba alipoona ufukwe unazidi kwenda mbali, alimwita Mungu na kuahidi kwamba akimwokoa, atamfanyia kazi. Wimbi likaja kwa nyuma, likamsukuma hadi nchi kavu.

Baadaye kaka yake, aliyekuwa ametembelea Jerusalem na kuvutiwa na utulivu wa Waislamu msikitini, alimletea nakala ya Qur'an iliyofasiriwa. Aliisoma peke yake, bila mtu wa kumhimiza. Aliyoyaona katika Surat Yusuf yalimgusa zaidi, habari za kijana aliyeuzwa sokoni kama bidhaa, akapita katika dhiki, na Mola wake asimwache. Naye alikuwa amejua maana ya kuuzwa na kununuliwa katika soko la muziki. Mwezi Desemba 1977 alitamka shahada katika Msikiti wa Regent's Park, London, na mwaka uliofuata akawa Yusuf Islam.

Alitoa albamu moja ya mwisho ya mkataba, Back to Earth, mwaka 1978. Septemba 1979 alifunga ndoa katika msikiti uleule alioshahadia. Novemba mwaka huohuo aliimba Wembley kwenye tamasha la kuchangia watoto kupitia UNICEF, kisha akashuka jukwaani. Magitaa yake yaliuzwa na fedha zikaenda kwenye sadaka. Alikuwa na miaka 31.

Wengi husimulia habari zake na kuishia hapo: aliacha. Mimi naona tujiulize, aliweka nini mahali pa alichokiacha?

Aliweka skuli. Mtoto wake wa kwanza alipokaribia umri wa kusoma, hakupata skuli ya kiserikali itakayomlea katika dini yake pamoja na masomo mengine. Mwaka 1983 alianzisha Islamia Primary School kaskazini mwa London. Kwa miaka aliipigania ipate fedha za serikali kama zilivyopata skuli za Wakristo na Wayahudi, akakataliwa, akarudi tena. Mwaka 1998 ilikuwa miongoni mwa skuli za mwanzo za Kiislamu Uingereza kukubaliwa. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Muslim Aid, na akawa mwenyekiti wake wa kwanza, wakati njaa ikiwa imeikumba Afrika.

Miaka hiyo haikuwa asali tupu. Mwaka 1989, katika mzozo wa kitabu cha Salman Rushdie, maneno yake yaliripotiwa kuwa anaunga mkono mwandishi huyo auawe. Yeye amekanusha tangu wakati ule hadi leo, lakini baadhi ya redio za Marekani ziliacha kupiga nyimbo zake, na kundi la 10,000 Maniacs likauondoa wimbo wake kwenye albamu yao. Mwaka 2004 ndege aliyopanda kwenda Washington iligeuzwa njia, akashushwa na kurudishwa Uingereza. Mtunzi wa Peace Train akatazamwa kama mtu wa hatari.

Sauti yake ilianza kurudi kidogo kidogo. Mwaka 1995 alitoa masimulizi ya maisha ya Mtume (s.a.w.), pamoja na kasida ya Tala'al Badru tunayoijua tangu madrasa. Vita vya Bosnia vilimwonyesha jinsi nyimbo zinavyowashika mkono watu waliovunjika, naye akaimba kwa ajili yao. Mwaka 2000 akaja A Is for Allah, ya kuwafundisha watoto alfabeti ya dini yao.

Kisha mwanawe wa kiume akaleta gitaa nyumbani. Baba akalitazama, akalishika, na vidole vikakuta havijasahau. Mwaka 2006 alitoa An Other Cup, miaka 28 baada ya Back to Earth. Baadhi ya Waislamu walimlaumu, wakasema amerudi nyuma. Yeye aliwajibu kwa kitabu kidogo mwaka 2014, Why I Still Carry a Guitar, akieleza hoja zake kwa adabu. Mwaka 2023, akikaribia miaka 75, aliimba Glastonbury mbele ya umati mkubwa, akiwa ni Yusuf yuleyule anayesali.

Unaweza kuafikiana naye alipoacha, au aliporudi, au usiafikiane naye popote. Wanazuoni wenyewe wametofautiana. Lakini alipoacha hakuacha pengo. Skuli ile ingali inasomesha watoto.

Basi wewe bibi harusi unayepanga siku yako, ukiamua kuondoa ngoma, usiiache nafasi yake ikajazwa na kusengenya na kushindana kwa dhahabu. Weka dhikri, weka mawaidha, weka chakula cha mayatima. Na ukiwa na shoga aliyeamua tofauti na wewe, mnasihi kwa upole, kisha muombee dua. Safari ya moyo wake anaijua Mola wake.

Allah atuthibitishe, na azibariki nyumba zenu mpya. Amin.