Jora, Upande na Doti katika Ufuko wa Mweru

Mashine ya kukatia vitambaa vya mfarishi hubonyeza visu vya umbo juu ya tabaka kadhaa za nguo, na vipande vikatoka sawasawa. Wengi huihesabu kuwa fikra ya kiwandani. Historia ya Mununga na ufuko mzima wa Ziwa Mweru yanishawishi vingine: haja ya vipande vilivyo sawa ilifika huku pamoja na misafara ya biashara, kwa sababu nguo ilikuwa fedha. Nguo ya merikani ilishuka Zanzibar kutoka Salem, Marekani, ikiwa majora, na jora halikuweza kununua kikapu cha muhogo mpaka likatwe. Mikono minne, kila mmoja tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ilifanya upande. Pande mbili zikafanya doti, yadi 4 hivi. Aliyekata alikuwa akigawa thamani, na upande uliopunjwa ulizua ugomvi. Utaniambia mkono si kipimo, maana mrefu na mfupi hawalingani. Kweli, lakini ugomvi huo ndio ushahidi wangu: watu hawagombanii usawa wasioutarajia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kukata kwa ajili ya malipo si kushona, na kwamba ushonaji uliletwa na wamisionari wa London waliofungua kituo cha Mbereshi mwaka 1900, ambako Mabel Shaw alianzisha shule ya wasichana mwaka 1915. Sidharau kazi yao, ila tarehe zinakataa. Msafiri David Livingstone alifika Mweru Novemba 1867, akashuka kwa ufuko wa mashariki, upande ilipo Mununga leo, hadi kwa mfalme, Mwata Kazembe, ambako Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara, alikuwa amekaa miaka mingi. Alimkuta Mwata amevaa kitambaa cha Manchester cha buluu na nyeupe, kimetiwa ukingo mwekundu wa sufu na kukunjwa marinda mapana, na kofia yake imepangwa shanga kwa nakshi. Tazama ukingo huo: kitambaa kimoja kimekatwa kikaungwa na kingine, rangi kwa rangi, miaka 48 kabla ya shule ile. Marinda ya namna hiyo yangali katika mukonso, vazi la Mwata kwenye sherehe ya Mutomboko.

Vazi hilo halikuwa mfarishi, nakubali. Halikuwa na tabaka wala pamba katikati. Lakini Pwani nako, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake walinunua leso sita zikiwa bado kitambaa kimoja, wakazikata tatu tatu, wakaziunga safu mbili kuwa vazi. Miraba sawa, mshono, sura mpya: kazi ileile ambayo mashine huirahisisha leo. Anayetaka kuandika historia ya ushonaji wa Mweru aanzie kwenye jora la msafara, kisha ndipo afike Mbereshi.