Kutoka Mwandiga kwa gari: barabara zinazofika ziwani na zinakoishia

Mwandiga ni njia panda. Ukitoka Kigoma mjini na kufika hapa, njia moja inapanda kaskazini kupitia Kalinzi hadi Manyovu, mpakani na Burundi. Nyingine inaendelea mashariki hadi Kidahwe, na pale inagawanyika tena: moja inakwenda Kasulu, nyingine Uvinza. Nyuma yako kuna Kigoma, Ujiji na ziwa lenyewe.

Mtu mwenye gari, awe mgeni au mwenyeji anayetaka kuwatembeza ndugu zake siku za sikukuu, hufungua ramani kwenye simu akaona kila kitu kiko karibu. Gombe iko karibu. Kagunga iko karibu. Ramani haisemi uongo kuhusu umbali, lakini haionyeshi milima ilivyo. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya bonde la ufa, na sehemu nyingi milima inashuka moja kwa moja hadi majini bila kuacha nafasi ya barabara. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kujaza mafuta si "ni kilomita ngapi?" bali "gari linaishia wapi?"

Kaskazini: gari linaishia Kibirizi

Kibirizi ni mwalo ulio upande wa kaskazini wa Kigoma mjini, na ndiyo stendi halisi ya vijiji vya ziwani vya kaskazini. Boti za abiria za mbao zenye injini huondoka hapa mchana zikiwa na watu, mahindi, magodoro, kreti za soda na kuku. Huchukua saa mbili, tatu au zaidi hadi Gombe, kutegemea mzigo na upepo. Zinazorudi mjini hupita Gombe asubuhi mapema, kwa hiyo anayetumia boti ya abiria lazima alale huko. Jumapili usizitegemee. Wenye haraka hukodi boti nzima, na bei ni ya kupatana kabla ya kupanda, ikiwemo mafuta ya kurudi.

Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 kuwachunguza sokwe, akaifanya sehemu hii ndogo ya ufukwe wetu ijulikane dunia nzima. Alifariki Oktoba 2025. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, ni miguu tu. Ada ya kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na Mtanzania hulipa kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni kutoka nje. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kwenda kuwaona sokwe, na hilo si ukali wa askari. Ugonjwa unaokulaza wewe siku mbili unaweza kuua sokwe.

Ukipita Gombe unakuta vijiji kama Mwamgongo, na mwisho kabisa Kagunga, jirani na Burundi. Barabara ya kutoka Mwandiga kupitia Chankele hadi Kagunga imekuwa kwenye mipango ya serikali kwa miaka mingi, na anayejua maana yake ni yule aliyekuwepo Mei 2015. Mwezi ule makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walivuka mlima wakakusanyika Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na maji. Hakukuwa na lori la kuwafikia. Kipindupindu kikazuka. Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa tu, na kazi kubwa ikafanywa na MV Liemba, meli iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli na kuunganishwa hapa Kigoma. Iliwabeba mamia kwa mamia, safari baada ya safari, hadi Kigoma. Wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu kwa mabasi. Meli ya miaka mia moja ilifanya kazi ya barabara ambayo haikuwepo.

Kwa hiyo ukiambiwa "siku hizi gari linafika", uliza madereva wa Mwandiga wenyewe: linafika kijiji gani, gari la aina gani, na kama mvua ya wiki hii haijakata njia.

Mjini na Ujiji: ziwa lililosogea

Hapa gari dogo linatosha. Upande wa kusini wa mji, kuelekea Bangwe na Katonga, kuna fukwe za mchanga zenye maji safi. Inayojulikana zaidi kwa wageni ni Jakobsen, ambayo ni ya kulipia. Katonga na Kibirizi ni mialo ya kazi. Mchanga unaouona umetandazwa dagaa asubuhi si sehemu ya kuegesha gari wala ya kupigia picha huku ukikanyaga. Ule ni mtaji wa mtu, mara nyingi mama aliyekopa kununua mzigo ule usiku. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika na mwalo hupoa. Serikali nayo hufunga ziwa kwa muda ili samaki wazaliane, kama ilivyofanya kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Ukija wakati huo usishangae kukuta mgebuka adimu.

Ujiji iko kilomita chache kutoka mjini, na ni mji mkongwe kuliko Kigoma yenyewe. Misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapa, ikirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa. Burton na Speke walifika 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa, na pale walipokutana pana makumbusho na miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe wa siku ile.

Jambo ambalo wageni wengi hawalioni ni umbali wa mnara ule kutoka majini. Enzi za Livingstone maji yalikuwa juu zaidi, na mji wa wafanyabiashara ulikuwa karibu na ufukwe. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na wakati ule mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani. Karibu na 1878 maji yaliuzibua. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10, na Ujiji ikabaki juu, mbali na maji.

Hii si habari ya kale tu. Kuanzia 2020, mvua kubwa mfululizo zilipandisha tena ziwa, maji yakaingia kwenye nyumba na barabara za ufukweni kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Kalemie, na kwetu Kigoma pia. Maji mengi ya ziwa hili hupotea kwa kukauka juani, na Lukuga hupitisha kiasi kidogo tu, hivyo yakishapanda hayashuki kwa msimu mmoja. Kwa dereva maana yake ni hii: njia ya ufukweni uliyopita miaka kumi iliyopita huenda leo iko chini ya maji, au imeachwa na udongo laini unaomeza tairi. Usiendeshe gari mchangani kwa kufuata kumbukumbu. Shuka, tembea kwanza.

Kusini: Ilagala na mdomo wa Malagarasi

Njia ya kusini ni ile ya Simbo, Ilagala hadi Kalya. Hadi Ilagala unapita kwenye michikichi, na mawese ya kando ya barabara ni mazuri kuliko ya sokoni, kwa maoni yangu. Hapo unakutana na Malagarasi, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani upande wa Tanzania. Kwa miaka mingi magari yamevuka Ilagala kwa kivuko, na kivuko kina saa zake na hitilafu zake. Piga simu kwa mtu wa Ilagala kabla ya kuondoka.

Mdomo wa mto ni matete, matope na ndege wengi. Pia ni makazi ya mamba na viboko. Kuogelea hapa usijaribu, hata ukiona watoto wa kijiji wanaoga. Sehemu za maji yaliyotulia karibu na matete zina kichocho pia.

Baada ya Ilagala vijiji vinafuatana: Sunuka, Sigunga, Igalula, Buhingu hadi Kalya. Hapa linahitajika gari la juu, lenye nguvu kwenye matairi yote manne, spea mbili na mafuta ya kwenda na kurudi. Safari hii ifanywe kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Mahale, iliyoanzishwa 1985, nayo pia haina barabara ndani. Sokwe wake wamechunguzwa na Wajapani tangu 1965.

Mashariki: maji yaliyotuama

Kutoka Kidahwe hadi Uvinza ni takriban kilomita 77. Uvinza ni mji wa chumvi. Watu wamechemsha maji yake ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ukiendelea, Daraja la Kikwete linakuvusha Malagarasi kwa starehe ambayo wasafiri wa zamani hawakuijua.

Mabwawa na mbuga za maji za Malagarasi na Muyovozi, pamoja na maziwa ya Sagara na Nyamagoma, yaliingizwa 2000 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, ya kwanza kwa Tanzania, zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Huko anaishi korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Lakini barabarani utaona kidogo tu. Ndani zaidi ni Pori la Akiba la Moyowosi, na kuingia kunahitaji kibali. Funga vioo unapopita msituni, maana mbung'o hufuata gari linalotembea.

Visiwa

Anayetafuta visiwa atafute mbali. Karibu na Kigoma hakuna. Bangwe ni rasi tu. Visiwa vya upande wetu wa ziwa viko Kipili, wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, na ni safari nyingine kabisa.

Kabla ya kuacha gari na kupanda boti

Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huwa mkali, na mawimbi ya Tanganyika hayana tofauti na ya bahari. Msimu wa mvua nao una dhoruba za ghafla za alasiri. Hakikisha kuna jaketi la kuokolea kwa kila mtu, watoto wakiwemo, na livae, usilikalie. Boti ikiwa imejaa hadi maji yako kiganja kimoja chini ya ukingo, subiri nyingine, hata kama nauli umeshalipa.

Chukua kitambulisho cha taifa. Kwenye vizuizi vya barabara za mkoa huu maofisa wa uhamiaji hukiuliza mara kwa mara, na wenyeji wanajua usumbufu wa kukisahau nyumbani. Ukikaribia mpaka simu yako inaweza kunasa mtandao wa Burundi au Kongo na kula salio, kwa hiyo chagua mtandao kwa mkono. Na gari ulilolaza Kibirizi liachie mtu mnayefahamiana, mkubaliane bei ya ulinzi kwa usiku, mbele ya shahidi.