Mjuzi wa Karata na Mgeni Wake

Mtu akicheza karata na asiyeuzoea mchezo, akamshinda kwa kuzijua desturi zake, je, amemwibia? Kabla ya kujibu, tutazame historia ya mchezo uitwao poka.

Mchezo huo ulienea Marekani baada ya mwaka wa 1830, katika mji wa New Orleans, uliokuwa zamani wa Wafaransa, na katika meli za moshi za mto Mississippi. Kwanza walitumia karata 20, baadaye 52. Kila mchezaji huficha karata zake na kuweka fedha. Hata mwenye karata mbaya aweza kuweka nyingi, ili wenzake waogope na kujitoa. Kwa hiyo hashindi mwenye karata nzuri tu, hushinda pia ajuaye kusoma watu. Mgeni mmoja hutetemeka mkono apatapo karata nzuri. Mwingine hajitoi kamwe, hata akiona atashindwa. Mjuzi huona, hunyamaza, hungoja.

Melini walisafiri wafanya biashara na wenye mashamba ya pamba, na wacheza karata waliwavizia. George Devol, aliyezaliwa mwaka wa 1829, alitoa kitabu mwaka wa 1887 kuhusu miaka 40 ya kazi hiyo, wala hafichi ya kuwa alipanga karata kwa hila. Lakini Jonathan Green, aliyekuwa mchezaji kama yeye, alitubu, na mwaka wa 1843 alitoa kitabu cha kufunua hila hizo, watu wapate kujilinda.

Basi tupambanue. Kupanga karata kwa hila ni wizi, hapana shaka. Kuangalia desturi za mwenzako si wizi. Ndio mchezo wenyewe, kama katika mpira tunapomjua golikipa arukaye daima upande wa kuume. Aliyeketi kwa hiari, akijua kanuni, amekubali kutazamwa.

Lakini liko jambo la tatu: kumtafuta mjinga, kumwachia ashinde mara mbili ili tamaa yake iwake, kisha kummaliza. Hapo hakuna kanuni ya mchezo iliyovunjwa. Hata hivyo Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba tusichukue mali ya mchezo kwa mtoto wala kwa mwenye wazimu, tusidanganye, tena tusimvute mwingine mchezoni kwa tamaa ya faida. Neno hili la mwisho halihukumu mikono ya mchezaji. Lahukumu nia yake alipomwalika mwenzake.

Tujiulize basi: je, mwenzetu ajua anacheza na nani? Akishindwa, watoto wake watakula? Kama ndiyo, tucheze kwa akili zetu zote. Kama sivyo, tuziondoe fedha mezani, tumwambie, «Ndugu, mkono wako unatetemeka.» Tutapoteza faida ya siku moja, tutapata mtu wa kucheza naye miaka mingi.