Kutoka Lwiro hadi ofisi za washauri: ripoti za Kivu huenda wapi?

Katika miji ya Bukavu na Goma, kijana anayemaliza masomo ya uchumi, jiolojia au maendeleo ya vijijini hutafuta moja ya mambo mawili: kuajiriwa na shirika la kimataifa, au kupata konsultansi. Konsultansi ni kazi ya ushauri yenye mkataba mfupi. Shirika linaandika TDR, yaani karatasi inayoeleza swali, muda na malipo. Mtaalamu anakusanya vijana wenye fomu au simu, wanapanda pikipiki kwenda vijijini, na baada ya wiki chache ripoti inatumwa kwa mwenye pesa. Mara nyingi wakaaji walioulizwa maswali hawaioni ripoti hiyo. Kazi ya namna hii haikuanza jana. Ili kuielewa, ni lazima kurudi nyuma hadi Lwiro, chini ya mlima Kahuzi.

Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa daktari Louis van den Berghe, na makao makuu yakajengwa Lwiro, katika teritware ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu. Hapo kulikuwa na maabara, maktaba kubwa, nyumba za watafiti na vyombo vya kupima mitetemeko ya ardhi. Kituo cha Uvira kilichunguza maji na samaki wa ziwa Tanganyika, na kile cha Astrida nchini Rwanda, mji ulioitwa baadaye Butare, kilichunguza maisha ya watu. Jirani na Lwiro, huko Mulungu, kulikuwa pia na kituo cha INEAC, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, ambacho kilijaribu mbegu za kahawa na miti ya kinini.

Kazi nyingi za wakati huo zilijibu maswali ya koloni: zao gani linauzika, ugonjwa gani unapunguza nguvu za wafanyakazi. Hata hivyo sayansi yenyewe ilikuwa ya kweli, na watafiti walikaa mahali pamoja miaka mingi. Mmoja wao, Daniel Biebuyck, aliishi na Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke alimwimbia na kumsimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12. Habari hiyo ilichapishwa kwa Kiingereza huko California mwaka 1969. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani, lakini si rahisi kuipata katika shule ya Walikale. Ile njia ya maarifa kutoka kijijini kwenda ng'ambo bila kurudi ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Baada ya uhuru wa 1960, IRSAC ilibadilishwa majina mara kadhaa, na mwishowe Lwiro ikawa CRSN, Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia. Watafiti wa Kizungu waliondoka, Wakongomani wakachukua nafasi zao. Kilichokosekana ni pesa. Kadiri uchumi wa Zaire ulivyoanguka, ndivyo mshahara wa mtafiti wa serikali ulivyopungua, hadi haukutosha kulisha jamaa. Wafanyakazi wa Lwiro waliendelea kutunza vitabu, mimea iliyokaushwa na wadudu waliokusanywa, wengi wao bila malipo ya maana.

Katika kipindi hicho hicho ushauri wa uchumi nao ulikuwa umefika Kinshasa. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtuma Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, ndani ya Benki ya Zaire. Aliona jinsi pesa za nchi zilivyotoka, na katika ripoti yake ya mwaka 1982 aliwaonya wakopeshaji kwamba hawatalipwa. Mikopo iliendelea kutolewa, na deni likabaki kwa raia. Ripoti inaweza kusema kweli na bado isibadili kitu, kama wenye kuilipia wana sababu zao za kutoisikiliza.

Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Rwanda waliingia Kivu. Baadaye vikaja vita vya 1996 na 1998. Mashirika ya misaada yalijaa Goma na Bukavu, na kila moja lilihitaji takwimu: wangapi wamekimbia, wangapi hawana chakula, soko gani limefungwa. Hapo konsultansi ikageuka kuwa soko. Mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa anasubiri mshahara wa serikali aligundua kwamba wiki tatu za uchunguzi zinaweza kumpa pesa kuliko miezi mingi ya kufundisha. Hakuna anayeweza kumlaumu, kwani watoto walitakiwa kusoma. Lakini maswali ya utafiti yalianza kuandikwa Geneva, Brussels na Washington, na si Bukavu tena.

Mfano mmoja unajulikana sana. Kati ya mwaka 2000 na 2007 shirika la International Rescue Committee lilifanya uchunguzi wa vifo nchini, nyumba kwa nyumba. Mwezi wa kwanza 2008 lilitangaza kwamba tangu 1998 watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya wale ambao wangekufa wakati wa amani, wengi kwa magonjwa na njaa. Wataalamu wengine wa hesabu za watu walipinga namna ya kuhesabu na kusema idadi ni ndogo sana kuliko hiyo. Mabishano yaliendelea katika magazeti ya kisayansi ya Ulaya na Amerika. Jamaa zilizofungua milango na kutaja majina ya wafu wao hazikuitwa katika mabishano hayo.

Kisha ikaja zamu ya madini. Mwezi wa saba 2010 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka katika maeneo ya vita ya Kongo. Kazi mpya ya washauri ilizaliwa: kufuata njia ya kasiteriti na koltani, kukagua machimbo, kuyapa rangi ya kijani, manjano au nyekundu. Machimbo mengi ambayo hayakupata rangi ya kijani yalikosa soko halali, hata kama hapakuwa na mtu mwenye silaha. Mwaka 2014 wataalamu na viongozi wa mashirika wapatao 70, wakiwemo Wakongomani, walitia sahihi barua ya wazi wakisema kwamba sheria hiyo imewaumiza wachimbaji wengi na kwamba watu wa mahali penyewe hawakuulizwa vya kutosha.

Watafiti wa Kivu wenyewe walianza kusema. Kuanzia mwaka 2019, katika maandishi yaliyopewa jina la Bukavu Series, wengi walieleza hali yao. Huitwa "wasaidizi" hata kama wao ndio wanaojua lugha, njia na viongozi wa mahali. Huingia sehemu za hatari bila bima. Ripoti ikitoka, majina yao hayamo. Na wanakijiji huwauliza wao, siyo mgeni: maswali ya mwaka jana yalileta nini?

Hatari ya kutegemea mikataba ilionekana wazi Goma. Kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kilianza mwaka 1986, kikiwa kimetokana na kazi ya jiofizikia ya Lwiro. Kabla Nyiragongo haijalipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, wanasayansi wake, wakiwa na vyombo vichache tu, walikuwa wametoa tahadhari. Baada ya msiba ule wafadhili walileta vyombo na pesa. Mwaka 2020 mpango wa Benki ya Dunia ulimalizika, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata pesa za intaneti ya kupokea habari kutoka mlimani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ililipuka tena, lava ikafika Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wanasayansi walieleza baadaye kwamba dalili za mlipuko huo zilikuwa fupi sana, kwa hiyo si haki kusema kwamba pesa peke yake ingeokoa wote. Lakini mji mkubwa chini ya volkano haupaswi kulindwa kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho.

Mwaka 2025 Goma, kisha Bukavu, ziliingia mikononi mwa M23, na mwezi ule ule Goma ilipotekwa Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Katika eneo ambalo swali, pesa na amri vinatoka mbali, mambo hayo mawili yanatosha kusimamisha uchunguzi mwingi kwa mara moja.

Lwiro bado ipo, na maktaba yake bado ina rafu. Hatua moja haihitaji mfadhili mkubwa: kila TDR iandikwe kwamba nakala ya ripoti itawekwa Lwiro au katika chuo kikuu cha jimbo, kwamba muhtasari utasomwa kwa Kiswahili mbele ya waliojibu maswali, na kwamba majina ya waliokusanya habari yatakuwa kwenye jalada. Hapo mwanafunzi wa Kabare ataweza kujua nini kilishaulizwa kuhusu kijiji chake, na shefu wa kijiji ataweza kuuliza nini kilifanyika baadaye.