Stipuli ya Mbuni Mwitu

Shika tawi la mbuni (mti, si ndege) uangalie kwenye kifundo, pale majani mawili yanapoelekeana. Kati ya kikonyo cha jani hili na cha lile, utaona kigamba cha pembetatu chenye ncha, kimeshikamana na tawi. Zungusha tawi, cha pili kiko upande wa nyuma. Hiyo ndiyo stipuli, na kwa mahali ilipokaa tunaiita stipuli ya baina ya vikonyo.

Kwa kawaida kila jani lenye stipuli huwa nazo mbili, moja kila upande wa kitako cha kikonyo. Majani mawili yanayoelekeana yangekuwa nazo nne. Kwa mbuni na jamaa zake wa familia ya Rubiaceae, ya jani hili imeungana na ya jirani yake, zikabaki mbili. Kazi yake ni ulinzi. Kwa ndani, chini kabisa, pana tezi ndogo zinazotoa utomvu wa kunata unaolifunika chipukizi changa kabla halijakunjuka.

Hapa Kwale, pwani ya Kenya, neno stipuli lina kazi ya kweli. Milima ya Shimba haifiki mita 500, ila inainuka ghafla kutoka uwanda wa pwani, na pepo za bahari zinapoipanda huacha ukungu na unyevu msituni. Humo, chini ya miti mikubwa, huota mbuni mwitu uitwao Coffea pseudozanguebariae, jina alilolitoa Diane Bridson wa bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1982. Maana yake ni “zanguebariae wa uongo”: spishi ya Coffea zanguebariae ilikwishapewa jina na Mreno João de Loureiro mwaka 1790, na Zanguebar ni jina la zamani la pwani yetu. Mbegu za huyu wa uongo hazina kafeini. Asifurahi mapema asiyepata usingizi, kwani zina dutu nyingine chungu. Ndugu yake, Coffea fadenii, yuko Taita, kwenye misitu ya ukungu hasa.

Maua ya mibuni ni meupe, yananukia, hufunguka siku chache baada ya mvua na kunyauka upesi. Anayeingia msituni wakati mwingine wowote hukuta majani matupu. Majani yanayoelekeana, yenye kingo laini, yapo kwa mimea chungu nzima: mzambarau unayo, mkarafuu unayo. Ila hiyo haina kigamba kati ya vikonyo. Mviru unacho, kwa sababu ni wa ukoo wa mbuni, na hata iksora za kwenye bustani za hoteli za Diani zinacho.

Sasa kwa nini tukope neno la kigeni? Tungeiita stipuli jani dogo, ingekuwa kijani, na kijani tayari ni rangi. Kuna wanaopendelea neno la kufafanua, kama “kope la chipukizi”, na kwa mbuni linapendeza. Lipeleke kwa mkunazi, litashindwa. Miiba ya mkunazi, ule ulionyooka na ule uliopinda kama ndoano, ndiyo stipuli zake. Miiba mirefu ya mgunga nayo vilevile. Mfenesi nao una stipuli kubwa inayolifunga chipukizi lote, ikidondoka huacha alama ya pete kuzunguka tawi. Istilahi inayotaja umbo au kazi itamfaa mmoja na kumkosa mwingine, kwa hiyo nakubali kukopa nomino. Sifa yake sioni haja ya kuikopa. “Baina ya vikonyo” ni Kiswahili chepesi, mwanafunzi wa Msambweni ataielewa hata kabla ya kuonyeshwa tawi.

Mtihani wa istilahi hii uko Gazi, kwenye mikoko. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, una majani yanayoelekeana na stipuli baina ya vikonyo, ndefu, iliyochongoka, inayolifunika chipukizi la ncha ya tawi. Si Rubiaceae hata kidogo. Jani jipya likitoka, stipuli hiyo hudondoka na kuacha kovu kwenye kifundo. Ya mbuni hubaki. Kwa hiyo anayeandika maelezo ya mbuni wa Shimba asiishie kwenye mahali tu. Aandike: majani yanaelekeana, stipuli baina ya vikonyo, za pembetatu, zenye ncha, zisizodondoka mapema. Kisha ageuze jani atazame upande wa chini, mshipa wa pembeni unapotoka kwenye mshipa mkuu. Hapo mibuni mingi ina vishimo vidogo wanamoishi utitiri, navyo bado vinangoja jina la Kiswahili.