Miamba ya Kabambare na Nafasi Yake katika Historia ya Maniema

Kabambare imeingia katika vitabu vya historia kwa njia ya pembe za ndovu na watumwa. Katika karne ya 19 ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kulifuata bonde la mto Luama hadi Lualaba, ambako kulikuwa na Kasongo na Nyangwe. Na ni misafara hiyo iliyokieneza Kiswahili ambacho baadaye kiliitwa Kingwana. Januari 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Kabambare, na kwa waandishi wengi habari zake huishia hapo. Hata hivyo, ardhi yenyewe ina historia iliyo kongwe zaidi, na hiyo ndiyo iliyoamua mengi yaliyowapata wakazi wake katika karne iliyofuata.

David Livingstone, aliyefika huko Septemba 1869 na kupaandika kwa jina la Bambarre, hakuwa mtu wa kuyapuuza mawe. Mfadhili wake mkuu, Roderick Murchison, alikuwa mwanajiolojia, na mwaka 1852 alikuwa amedai kwamba bara la ndani la Afrika ni bakuli kubwa la nchi kavu ya kale. Kuhusu umbo la bonde la Kongo hakukosea. Naye Cameron, aliyepita Manyema mwaka 1874, alieleza matanuri ya kuyeyushia chuma aliyoyakuta vijijini. Wahunzi hao walijua ni jiwe lipi lenye chuma na ni lipi lisilo nacho, ujuzi ambao wasafiri waliuandika kana kwamba ni jambo dogo.

Namna jiwe moja linavyogeuka kuwa jingine ilikwisha kuelezwa na James Hutton wa Uskoti mwaka 1788: milima humomonyoka, mchanga wake hulala chini ya maji na kugandamana, kisha joto la ndani ya dunia huuinua tena. Maniema ni mahali pazuri pa kuuona mzunguko huo. Yapata miaka bilioni 1.4 iliyopita, mchanga na tope vilijaza mabonde ya kale katika ukanda ambao wanajiolojia huuita Kibara, kwa jina la milima ya Katanga. Hiyo ilikuwa miamba mashapo. Ilipozikwa na kukunjwa kwa kani kubwa, tope likawa shisti na mchanga ukawa kwazaiti, yaani miamba geu. Kutoka chini zaidi ulipanda uji wa moto, ukapoa polepole pasipo kufika juu, ukawa itale, ambayo ni mwamba moto.

Itale ya mwisho, ya yapata miaka bilioni moja iliyopita, ndiyo iliyoleta bati. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Uji wa moto unapopoa, madini ya kawaida hujenga fuwele zake kwanza, na bati, lisilopata nafasi kwa urahisi ndani ya fuwele hizo, hubaki katika kimiminika kinachosalia. Hatimaye hufukuzwa pamoja na maji ya moto na kuingia katika nyufa, ambamo huganda likiwa kasiteriti ndani ya mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi. Mvua na mito huivunja mishipa hiyo. Kasiteriti ni nzito kuliko maji mara saba hivi, ilhali kwatsi haifiki mara tatu. Kwa hiyo mto huchukua mchanga na kuliacha bati kitandani mwake.

Bati hilo ndilo lililoleta kampuni ya Symétain, iliyoundwa mwaka 1932 na kuweka makao yake ya kazi Kalima, kaskazini ya Kabambare. Japani ilipoziteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, bati la Kongo likawa na thamani kubwa kwa Washirika. Mwaka huohuo siku za kazi ya lazima kwa mwanakijiji wa Kongo ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Si haki kuandika habari za vita hiyo katika Afrika bila kuitaja Maniema.

Kabambare yenyewe ilipata dhahabu. Huko Namoya, karibu na Salamabila, imo katika mishipa ya kwatsi inayopita ndani ya miamba geu ya Kibara. Dhahabu iliyokwisha kuoshwa na mto huchimbwa kwa sepetu na karai. Ile iliyo ndani ya mwamba mgumu huhitaji baruti, mashine na mtaji. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilifuata tofauti hiyo: maeneo ya wachimbaji wadogo huwekwa pale ambapo hali ya machimbo hairuhusu uchimbaji wa viwanda. Maana yake ni kwamba hatua ya mzunguko ambayo jiwe limefikia huamua nani ana haki nalo. Lakini mlimani hakuna mpaka baina ya mshipa na changarawe iliyotokana nao, na mchimbaji anayeifuata changarawe kupanda juu hujikuta ndani ya eneo la kampuni. Banro, kampuni ya Kanada, ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwaka 2016. Mvutano na wachimbaji wadogo na mashambulizi ya watu wenye silaha yakafuatana, hata mwaka 2019 ikasimamisha kazi.